Kumihimo: diski ya sponji au marudai ya mbao?

Anayetaka kuanza kumihimo, ususi wa vigwe wa Kijapani, hukutana mapema na vifaa viwili visivyofanana hata kidogo. Kimoja ni diski ya sponji ngumu, nyepesi, yenye mikato ukingoni na namba zilizochapwa, inayoingia kwenye mkoba bila shida. Kingine ni marudai, kigoda cha mbao chenye kibao cha duara juu, tundu katikati na miguu minne, huku mizigo midogo ikining'inia pembeni pande zote. Bei zao zimeachana mbali. Wauzaji husema diski ni ya wanaoanza na marudai ni ya waliokomaa, na wanunuzi wengi huishia hapo.

Mimi sikubaliani na mgawanyo huo. Nimesuka kwa vyote viwili, na bado natumia vyote viwili. Tofauti ya kweli iko kwenye kitu kimoja: uzi ukishauachia, nani anaushika? Ukilijua jibu la swali hilo, mengine yote yanafuata: aina ya nyuzi, aina ya kigwe, kasi, hata maumivu ya kidole gumba.

Nani anaushika uzi

Kupishanisha nyuzi si kazi ngumu. Kazi ni kuziweka zote katika mkazo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi anayesuka ukili hufanya hivyo kwa vidole vyake tu, na akilegeza mahali, ukili unapinda. Kumihimo iliutoa mzigo huo vidoleni ikaukabidhi kwa kifaa, na vifaa vyetu hivi viwili vinaubeba kila kimoja kwa namna yake.

Diski hubana. Ile ya kawaida ina upana wa sentimeta 15 hivi, unene wa karibu sentimeta 1, na mikato 32. Unaingiza uzi kwenye mkato, sponji inaukaba, nao unabaki hapo hata ukiigeuza diski juu chini. Kwa hiyo mkazo wa kigwe chako unategemea mambo mawili: ulivyouvuta uzi kabla ya kuuingiza, na sponji yenyewe ilivyo ngumu. La kwanza hubadilika na hali yako. Ukiwa na haraka unavuta sana, ukichoka unalegeza. La pili hupungua kadiri diski inavyozeeka, kwa sababu mikato hupanuka.

Marudai haibani chochote. Kila uzi umezungushiwa kwenye tama, kigurudumu cha mbao chenye madini ya risasi ndani ili kiwe kizito, na tama zote zina uzito sawa: zile za gramu 70, 85 na 100 ndizo zinazopatikana zaidi. Nyuzi hupita juu ya kibao kilicholainishwa sana, tama zinaning'inia ukingoni, na kigwe kinashuka kupitia tundu la katikati kikivutwa na mzigo mwingine uliofungwa chini yake. Mzigo huo wa chini huwa karibu nusu ya uzito wa tama zote, au pungufu kidogo. Ukitumia tama 8 za gramu 85, jumla ni gramu 680, hivyo chini unafunga kati ya gramu 300 na 340. Kuanzia hapo mkono wako hauamui mkazo tena. Kazi yake ni kuhamisha tu.

Kuna faida ya mzigo wa chini ambayo wauzaji hawaitaji, nayo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuipenda marudai. Ukiuongeza, kigwe kinashuka haraka, misuko inalala mirefu, na unapata kigwe laini kinachokunjika vizuri. Ukiupunguza, misuko inabanana, kigwe kinakuwa kifupi na kigumu. Nyuzi ni zilezile na hatua ni zilezile, lakini unaweza kusuka kimoja cha kulala shingoni na kingine cha kubeba funguo. Kwenye diski pia unaweza kuning'iniza kitu katikati, kwa mfano chubwi ya mvuvi, rundo la funguo au kifuko cha sarafu, na nakushauri ufanye hivyo kwa sababu kinazuia msuko usipande juu ya tundu. Lakini pale uzito unasaidia tu. Mikato ndiyo yenye neno la mwisho.

Kongo gumi, mara mbili

Karibu kila mtu huanza na kongo gumi, kigwe cha duara cha nyuzi 8 ambacho rangi zake hujizungusha kama parafujo. Tukiutazama msuko huu mmoja ukisukwa kwa kila kifaa, tofauti inaonekana wazi.

Kwenye diski, unagawa nyuzi jozi nne: juu, chini, kulia na kushoto, kila jozi ikiwa pande mbili za nukta iliyochapwa diskini. Unachomoa uzi wa chini upande wa kushoto, unaupandisha juu na kuuingiza kushoto kwa ile jozi ya juu. Sasa juu pana nyuzi tatu. Unachomoa ule wa juu upande wa kulia, unaushusha na kuuingiza kulia kwa jozi ya chini iliyobaki na uzi mmoja. Unazungusha diski robo, jozi nyingine inakuja mbele yako, unarudia. Geuza upande uleule siku zote. Kadiri unavyoendelea, jozi zinahama polepole kuzunguka diski, na namba ulizoanzia hazina maana tena, usizifuate.

Uzuri wa diski uko hapa: ukiitwa jikoni, unaacha palepale penye nyuzi tatu juu. Ukirudi baada ya saa moja au mwezi mmoja, nyuzi tatu zinakuambia hatua iliyobaki ni kushusha wa kulia. Ukiacha pande zote zikiwa na mbilimbili, hutajua ulikuwa umekwisha kugeuza au la, na kosa litaonekana kama kovu kwenye kigwe.

Kwenye marudai, hatua ni hizohizo lakini mikono yote miwili inafanya kazi kwa wakati mmoja. Wa kushoto unapandisha, wa kulia unashusha, tama zinagongana kidogo, halafu mikono inahamia jozi ya pembeni. Hugeuzi kigoda, mikono ndiyo inayozunguka. Hakuna kuchomoa wala kuchomeka, kwa kuwa uzi unateleza tu juu ya mbao. Mwanzoni utaona polepole kuliko diski, maana utakuwa unafikiria kila mkono peke yake. Ukishazoea, inakuja mdundo, na kutoka hapo msusi wa diski hawezi kukufikia. Wanaosema kumihimo inatuliza akili mara nyingi wanazungumzia mdundo huu. Diski nayo hutuliza, ila kwa namna ya kuhesabu.

Tofauti nyingine hujitokeza ukiondoka kwenye kongo na kwenda kwenye misuko mingine, kama edo yatsu au maru genji. Kwenye marudai, nyuzi hujipanga zenyewe: ukiweka uzi mahali pake, majirani wanasogea kidogo na nafasi inabaki sawa. Kwenye diski hawasogei. Katika misuko mingi lazima, baada ya kila mzunguko, urudishe nyuzi kwenye namba zake moja moja, na kazi hiyo ya kurekebisha inaweza kuchukua muda kuliko kusuka kwenyewe. Hapa namba zina maana, na hapa ndipo watu wengi huiacha diski.

Unataka kutoka na nini?

Kama jibu ni bangili au mkufu wa shanga, nunua diski na usitazame kwingine kwa sasa. Shanga zinapangwa kwanza kwenye kila uzi, kisha uzi unaviringwa kwenye bobini ndogo ya plastiki inayofunga. Kila unapohamisha uzi, unateremsha ushanga mmoja hadi katikati na kuusukuma chini ya uzi unaoukata njia. Ushanga usipokaa chini ya uzi huo, utachomoza na safu itavurugika. Kwa kazi hii unahitaji uzi utulie kabisa huku vidole vikihangaika na ushanga, na mkato wa diski unafanya hivyo vizuri mno. Shanga za milimita 3 au 4 zinafaa kuanzia. Acha sentimeta 1 au 2 bila shanga mwanzoni na mwishoni, kwa ajili ya gundi na kishikizo. Marudai inaweza kufanya kazi ya shanga pia, na wapo wanaoipendelea, lakini si mahali pa kujifunzia.

Kama jibu ni kigwe kirefu kisicho na shanga, mizani inaelemea upande wa pili, na historia inaeleza kwa nini. Ususi huu ulikuzwa na kazi za urefu. Vazi moja la vita la samurai lilifungwa kwa mamia ya mita za vigwe vilivyounganisha vipande vyake. Upanga ulikuwa na sageo, kigwe cha kuufunga ala kiunoni, chenye urefu wa karibu mita 2. Mwaka 1876 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilipopiga marufuku kubeba panga hadharani, wasusi walipoteza soko kubwa, na kazi yao ikaelekea kwenye obijime, kigwe kinachofungwa juu ya mkanda wa kimono, chenye urefu wa mita 1.5 hivi. Hadi leo hiyo ndiyo kazi inayowaweka wasusi mjini: duka la Domyo la Tokyo, lililoanzishwa mwaka 1652, bado linasuka obijime za hariri na kufundisha, na mji wa Iga katika mkoa wa Mie, ambako ufundi huu ulipelekwa kutoka Tokyo mwaka 1902, ulitambuliwa rasmi kwa kumihimo yake mwaka 1976.

Mita moja na nusu kwenye diski inawezekana. Lakini urefu wote huo lazima mkono wako uvute vilevile, na obijime husaliti kila mahali ulipobadilika, kwa kuwa inakaa mbele, machoni pa watu. Mtu anayefanya iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, na anataka sageo ya kusuka mwenyewe, au anayetaka ukanda mrefu wa mkoba, atapata kigwe kilichonyooka zaidi kwa tama kuliko kwa mikato.

Vigwe bapa ni mtihani mwingine. Diski ya duara haikutengenezwa kwa ajili yake. Marudai inaweza: hira kara gumi, kwa mfano, ni kigwe bapa kizuri cha nyuzi 8 ambacho mwanafunzi hufika mapema. Kwa wasiotaka mbao kuna kibao cha mraba cha sponji, ndugu ya diski, chenye mikato pande zote nne, na kinasuka bapa vizuri kuliko nilivyotarajia. Hasara yake ni ileile ya namba na kurekebisha.

Kwa vitu vidogo, kishikio cha funguo au kamba ya miwani, vifaa vyote viwili vinatosha. Chagua kwa mengine yafuatayo.

Nyuzi zinazokubaliana na kifaa

Watu wengi hununua kifaa kwanza kisha wanatafuta nyuzi. Ni afadhali kutazama kwanza nyuzi unazoweza kupata mahali ulipo.

Diski inapenda uzi wenye mwili: kamba ya satini ya milimita 2, uzi wa nailoni wa kupangia shanga, uzi wa pamba wa kudarizi uliokusanywa nyuzi kadhaa pamoja. Kamba ya satini ndiyo rafiki wa mwanafunzi, kwa kuwa inaonyesha kila kosa na inajaza haraka. Bangili inaonekana ndani ya jioni moja. Kitu kinene sana kinararua mikato. Kitu chembamba sana huponyoka, hasa kwenye diski iliyotumika.

Hariri kwenye diski siipendi. Kila hatua unaichomoa, unaikunja, unaibana tena, na nyuzinyuzi zake laini zinaanza kutoka manyoya kabla kigwe hakijafika nusu. Kwenye marudai hariri iko kwao. Kila tama hubeba fungu la nyuzi nyembamba zisizopotwa sana, mafungu yanateleza juu ya mbao bila kukwaruzwa, na mng'ao unabaki. Rayoni inafanana nayo kwa tabia na ni ya bei nafuu, hivyo ni nzuri kujifunzia. Sufu yenye manyoya hugomea marudai kwa sababu haitelezi.

Kwa aliye Dar es Salaam, maduka ya vifaa vya ushonaji na mapambo Kariakoo yana kamba za satini, nyuzi za kudarizi na shanga za kila rangi. Hariri ya kusukia ni habari nyingine. Hiyo mara nyingi itabidi kuagiza. Ukiwa mahali penye satini na shanga tele lakini hariri hakuna, hiyo peke yake ni sababu ya kuanza na diski.

Kwa vifaa vyote viwili, kata nyuzi ndefu kuliko unavyodhani. Kwa kongo gumi, mara 3 ya urefu wa kigwe unachotaka ni kipimo salama. Mabaki hayapotei, yatakuwa vishada. Uzi ulioishia njiani ndio hauna dawa.

Mwili, nafasi na watoto wa nyumba

Diski unaishika. Inakaa mapajani au mkononi, na shingo inainama kuifuata. Kidole gumba kinasukuma uzi mkatoni mamia ya mara kwa bangili moja. Mwenye maumivu ya viungo vya mikono atalihisi hilo. Marudai inakusubiri kwenye kimo chake. Ile fupi, ya sentimeta 40 hivi, ni ya kukaa chini kwa magoti kama Wajapani, au mkekani. Ndefu ni ya mtu aliyeketi kitini. Mikono inaelea juu ya kibao na vidole havibani kitu. Ukiipata kwa kimo kinacholingana na kiti chako, unaweza kusuka muda mrefu bila kuchoka mgongo. Ukikosea kimo, mabega yatalalamika siku hiyohiyo, hivyo pima kabla ya kuagiza.

Kwa upande wa pili, marudai ni kitu cha kukaa mahali pamoja. Haisafiri. Ikiwa na kazi juu yake, haipendi kusogezwa, na mtoto wa miaka miwili hawezi kuziona tama nane zikining'inia akazipita. Paka naye ni hivyo. Diski unaweza kuisuka kwenye basi la kwenda Arusha, kwenye benchi la zahanati, au ukimsubiri mtu. Ukiwa na vipande vya dakika kumi kumi katika siku, diski inavitumia. Marudai inadai uketi.

Kuhusu watoto wakubwa wanaotaka kujifunza, kuna njia nyepesi kuliko zote mbili: kipande cha duara cha boksi gumu, tundu katikati, mikato 8, nyuzi 7. Mkato mmoja uko wazi. Kutoka hapo unahesabu nyuzi tatu, unachukua ule wa tatu na kuuhamishia kwenye mkato ulio wazi, unageuza boksi, unahesabu tena kutoka mkato mpya ulio wazi. Hatua ni moja tu. Kigwe kinachotoka ni cha duara na imara. Si msuko wa jadi wa marudai, lakini unamfundisha mtoto jambo la msingi: kwamba utaratibu mmoja ukirudiwa bila kuukosea unajenga kitu.

Kununua au kutengeneza

Diski nunua. Boksi gumu linafaa kwa kazi moja au mbili, kisha mikato inalegea. Sponji ya malapa chakavu nimeiona ikitumiwa na inafanya kazi kwa muda, lakini kukata mikato 32 iliyo sawa kwa kisu si rahisi, na mkato mmoja uliolegea unaharibu kigwe kizima. Unaponunua, bonyeza katikati kwa vidole gumba. Diski nzuri inagoma kujikunja. Ile laini, ambayo mara nyingi ndiyo rahisi, itajikunja kama bakuli mara nyuzi zikikaza, na ikishajikunja mkazo hausimamiwi tena. Angalia pia kama mikato imekatwa hadi kina kimoja.

Marudai, kinyume chake, ni kitu ambacho fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea vizuri ukimpa maelezo sahihi, na hapa ndipo naona msomaji wa kwetu ana nafasi kuliko anavyodhani. Mwambie hivi: kibao cha duara cha mbao ngumu, upana wa sentimeta 25, tundu la katikati la sentimeta 3, miguu minne iliyosimama wima, kitako kizito chini ili kisiyumbe. Kimo ni cha kiti chako. Sehemu inayoamua ubora ni uso wa kibao, ukingo wa nje na ukingo wa tundu. Vyote vipigwe msasa mpaka viwe laini kabisa, na kingo ziwe za mviringo bila pembe. Jaribu kwa kupitisha kitambaa cha hariri au soksi nyembamba ya kike: ikinasa popote, msasa haujaisha. Usikubali vanishi inayonata kwenye joto. Nyuzi zitakwama juu yake mchana wote.

Tama ni ngumu zaidi kuiga lakini inawezekana. Chupa ndogo za plastiki zilizojazwa mchanga, au washa nzito za chuma zilizofungwa pamoja na kuviringishiwa kitambaa, zinatosha kujifunzia. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: zote ziwe na uzito sawa. Tumia mizani ya jikoni, punguza na ongeza mchanga mpaka zilingane gramu kwa gramu. Tama moja nzito kuliko wenzake huvuta kigwe upande wake, na utatafuta kosa mikononi mwako wakati kosa liko kwenye chupa. Uzi ukiuviringa, ufunge kwa kitanzi kinachoteleza, ili uweze kuongeza urefu kwa kuzungusha tama bila kufungua fundo.

Ukijumlisha mbao, kazi ya fundi na tama za kubuni, marudai ya nyumbani inashuka bei mbali sana na ile ya kuagiza kutoka Japani au Ulaya. Haitakuwa nzuri vilevile. Itasuka.

Vifaa vingine, kwa kifupi

Takadai utaiona kwenye picha: fremu kubwa inayofanana na kitanda cha kufumia, msusi akiwa ameketi ndani yake, nyuzi zikienda kulia na kushoto, na upanga wa mbao wa kugongea kila mstari uingie mahali pake. Inatengeneza vigwe bapa vyenye michoro, hata maandishi. Inataka chumba, fedha na mwalimu. Usianze nayo, na usiiote kabla hujajua kama unapenda kusuka.

Kakudai ni fremu ndogo ambayo kigwe hupanda juu badala ya kushuka. Inapendeza, lakini marudai inafanya zaidi.

Na kabla ya vigoda hivi vyote kutawala, Wajapani walisuka vigwe vya hali ya juu kwa vitanzi vilivyovishwa vidoleni, bila kifaa chochote. Mwenye subira na asiye na shilingi ya kutumia anaweza kujaribu kwa vitanzi vitano. Urefu wa kigwe unaishia pale mikono inapoishia kunyooka, isipokuwa ukipata mtu wa pili wa kukaza misuko kule mwisho.

Ningekushauri hivi

Usiamue kwa kujiita mwanafunzi au fundi. Kama una shanga, dakika chache kwa siku, na hujui utadumu kwa muda gani, chukua diski ngumu, kamba za satini za rangi mbili zinazopingana, na usuke kongo gumi mpaka usihitaji kuangalia maelezo. Rangi mbili zitakuonyesha kosa mara linapotokea. Baki na diski kwa furaha kama vigwe vya shanga ndivyo unavyovipenda. Wapo wasusi wa miaka mingi ambao hawajaondoka hapo, na kazi zao ni za kuvutia kweli.

Hamia marudai ukiona dalili hizi: umechoka kurekebisha nyuzi kwa namba, unataka vigwe vinavyozidi mita moja, umepata hariri au rayoni nzuri, au kidole gumba kinauma. Na kama tangu mwanzo unachokitaka ni sageo, obijime, au ule mdundo wa mikono miwili, unaweza kuanza na marudai moja kwa moja bila kupitia diski. Hakuna kanuni inayokulazimisha kupanda ngazi. Anza na tama 8, nyuzi za rayoni au pamba isiyonata, na mzigo wa chini wa karibu nusu. Suka urefu wa kiganja, kisha badilisha mzigo huo tu, usuke urefu wa kiganja tena, uvishike vipande viwili pamoja. Vidole vyako vitaonja tofauti kabla macho hayajaiona, na utajua uzito wa kuanzia kigwe chako cha kwanza kirefu.